Kilima Nilichokitunga

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kanipa daftari hili niandike saa za kumeza dawa. Saa za dawa nazikumbuka. Nitaandika mengine.

Daktari wa moyo amenikataza chumvi, ngazi na hasira. Kisha akamwita binti yangu koridoni, akamwambia kwamba ni suala la miezi. Mlango ulikuwa wazi. Moyo wangu ni mbovu, masikio ni mazima! Binti akarudi anatabasamu meno yote nje, akasema daktari ameshauri nitafute kitu cha kushughulisha mikono.

Ndiyo maana leo nimepelekwa darasa la uchoraji. Ukumbi wa maktaba, Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi. Tuko wazee tisa. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye rangi ya kijani kwenye kiwiko – sidhani kama anajua. Aliweka birika mezani, akasema tusichore birika, tuchore tunachohisi tukiliona.

Nilichora birika. Nusu ya ukubwa wake halisi, kwa rula, mdomo umeinama nyuzi hamsini na tano, na chini nikaandika skeli. Mwalimu akaliangalia. Akauliza kama nilikuwa fundi bomba.

Fundi bomba! Miaka thelathini na minne nimechora ramani za idara ya upimaji. Nikamwambia. Akasema, "Nimeelewa, mzee wangu. Hili birika naweza kulipeleka kiwandani wakalitengeneza kesho. Ila chai yake sitaki kuinywa."

Nimeudhika. Tena nimependa kuudhika. Sijaudhika vizuri hivi tangu mama yake binti yangu afariki.

Jumanne, 4 Machi

Jumanne ni siku ya Miguu. Yeye alikuwa mpima ardhi, mimi mchora ramani – yeye akitembea na kupima, mimi nimeketi nachora alicholeta. Jina tulimpa ofisini, kwa sababu alikuwa akimaliza jozi ya viatu kila msimu wa kazi. Mimi ananiita Rula. Siku hizi anatembelea fimbo na bado anafika kabla maji hayajachemka.

Tulicheza drafti. Kanifunga mara tatu. Nikamsimulia habari za birika, akacheka mpaka akashika mbavu. "Rula achore hisia? Wewe hata ukilia, machozi yanashuka kwa mstari ulionyooka!"

Binti akaleta chai, akamtania kama kawaida: "Baba mdogo, leo umepitia kilima gani?"

Ni utani wa nyumba hii. Miguu ndiye mpima ardhi pekee tunayemjua aliyepima kilima kisichokuwapo. Naye akajibu kama anavyojibu siku zote: "Mita elfu moja mia nane sabini, mwanangu! Nilikipanda kwa miguu hii hii. Juu palikuwa na upepo, ikabidi nishike kofia."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nimeicheka hadithi hiyo miaka mingi, na kila mara chai hunishuka vibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu kaninyang'anya rula. Kaiweka kabatini, kafunga, ufunguo katia mfukoni. Nikamwambia nina digrii. Akasema digrii nibaki nayo.

Kisha akanipa brashi nene na kusema nishike kwa mkono wa kushoto. "Wa kulia umesoma sana," alisema. "Wa kushoto haujaenda shule, hautatudanganya."

Nilikaa mbele ya karatasi nyeupe saa nzima. Bibi jirani yangu, mshonaji mstaafu, alijaza karatasi tatu kwa rangi ya zambarau, anaimba. Mimi hakuna kitu. Mwalimu akaja akavuta kiti. Akauliza, polepole, ni lini mara ya mwisho nilichora kitu ambacho hakuna aliyeniagiza.

Nikajibu kwamba sikumbuki.

Uongo. Nakumbuka siku, nakumbuka dirisha lililokuwa wazi, nakumbuka hata kalamu. Nikaomba binti aje anichukue mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa niandike. Hakuna atakayesoma, na nisipoandika hapa sitasema popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mke wangu alijifungua kabla ya wakati wake. Mtoto wa kiume. Aliishi tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mimi nilimwona mara moja tu, kupitia kioo, amelazwa ubavu, amefunikwa mpaka kichwani. Kilichobaki nje ni sikio. Sikio moja, dogo, limekunjamana, limekamilika. Kwenye kadi muuguzi alikuwa ameandika uzito: gramu 1,870.

Watu walitwambia tusilie sana, sisi ni vijana, tutapata wengine. Hatukumpa jina. Mke wangu alifunga zile nguo ndogo akazitoa. Siku ya nne nikarudi kazini. Hakuna aliyeniuliza kitu, wote walikuwa na adabu! Mezani palikuwa na ramani niliyoiacha nusu.

Ilikuwa ramani ya tambarare moja ya mbali, vichaka na majani, haina watu. Miguu alikuwa ameipima, ila alipokuwa akirudi alivuka mto, daftari lake la vipimo likatumbukia. Kurasa nyingi zikawa uji. Basi aliketi kando yangu siku mbili akanitajia namba kutoka kichwani, nami nikaziandika. Alikuwa na kichwa kizuri. Namba zake zote zilikuwa sahihi. Narudia: zote.

Katikati ya ramani palibaki mahali peupe, upana wa kiganja. Hapana kitu, tambarare tupu. Nikawa napaangalia. Wachora ramani tunaonyesha mwinuko kwa kontua – mistari myembamba, mmoja ndani ya mwingine, kama pete. Kontua za kilima kidogo, ukizikunja hapa na pale, zinakuwa sikio.

Nikalichora. Mistari mitano. Nikaweka nukta ya kilele, nikaandika: 1,870.

Nilikusudia kuifuta. Wino unakwanguliwa kwa wembe, nilijua kuliko mtu yeyote. Sikuukwangua. Nilikuwa nimekaa siku nne kama gogo, na kwa mistari ile mitano pumzi ilirudi. Nilikwenda nyumbani nikala. Ramani ikapelekwa kuchapishwa, na mwanangu akawa na mahali duniani.

Nimechoka. Yaliyobaki kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Kifua. Siandiki.

Jumapili, 9 Machi

Nafuu. Yaliyobaki ni haya, nami sina namna ya kuyapamba.

Baada ya miaka mitatu watu wa redio walitaka kusimamisha mnara. Wakatazama ramani, wakaona kilima kizuri, kimesimama peke yake. Wakapeleka lori la vyuma na mafundi kumi na wanne. Walizunguka siku tatu wakitafuta. Nasikia msimamizi wao alipanda juu ya lori akalia.

Mkubwa wa idara alituita mimi na Miguu. Miguu akasema daftari lililowa, pengine alichanganya namba na za mahali pengine. Alisema hivyo kwa sababu ni mkweli, hakuwa na hakika. Mkubwa akanigeukia: nilichora nilichoambiwa? Nikasema, "Nilichora nilichoambiwa."

Maneno mawili. Nimeyaandika sasa hivi na bado yananuka.

Miguu aliondolewa porini. Akapelekwa stoo ya vifaa, kupokea na kutoa darubini za wenzake waliokuwa wakienda alikokuwa akienda yeye. Miaka ishirini na mmoja, mpaka alipostaafu. Mtu yule aliyekuwa anamaliza viatu! Viatu vya stoo havikuisha.

Na jambo hili ndilo linaloniua kuliko moyo: baada ya muda akaanza kukikumbuka kile kilima. Kwanza kwa mzaha. Kisha akaongeza upepo. Kisha kofia. Nadhani ilikuwa nafuu kwake kuamini alikiona, kuliko kuamini kichwa chake kilimsaliti.

Mke wangu naye sikumwambia. Alifariki akijua mimi ni mtu asiyekosea mistari.

Jumatatu, 10 Machi

Leo! Leo nimechora!

Nilifika mapema. Nikauchukua mkono wa kushoto, yule mbumbumbu, nikauchovya kwenye rangi ya udongo mwekundu. Sikufikiri. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo. Wa pili ukaufuata wa kwanza kama mlevi anamfuata mlevi. Nikaongeza rangi ya waridi, nikaipaka kwa kidole – kidole! – halafu kivuli cha buluu ndani kabisa, pale sikio linapoingia. Kutoka mbali ni kilima wakati wa asubuhi. Kutoka karibu ni yeye.

Nilikuwa nalia na wala sikujua, mpaka yule bibi mshonaji aliponipa kitambaa na kuniambia nisitie maji kwenye rangi, itachuruzika.

Mwalimu alisimama nyuma yangu. Hakuniuliza ni nini. Alisema Jumamosi watatundika kazi zetu ukumbini, waalikwe ndugu na marafiki, na hii itakaa ukutani katikati. Kisha akafungua kabati akanirudishia rula. Nimeisahau palepale mezani.

Miaka themanini na mmoja! Wangeniambia mapema kwamba nina mkono wa kushoto.

Jumanne, 11 Machi

Balaa.

Jana binti aliipiga kazi yangu picha kwa simu yake. Miguu alipofika akamwonyesha, kabla sijasema neno. Miguu alivaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Rula," akasema, "hiki ni changu."

"Ni chenyewe! Tazama mgongo wake ulivyopinda. Mwanangu, njoo uone, baba yako kanichorea kilima changu!" Akanikumbatia. Mtu huyu hajanikumbatia tangu harusi yangu. Ananuka mafuta ya viungo na peremende. Akasema kumbe siku zote nilikuwa upande wake, kumbe niliamini kilikuwapo. Anawaalika wote waliobaki wa idara, wako wanne, waje Jumamosi waione. Atatoa hotuba fupi. Namjua, hotuba zake hazijawahi kuwa fupi.

Kanifunga drafti mara tano. Sikuona hata kete.

Jumatano, 12 Machi

Binti kanikuta najisemea jikoni. Kauliza nazungumza na nani. Nikasema na sufuria. Akanipima presha.

Najaribu namna ya kuanza. "Ndugu yangu, kuna jambo." Hapana, atadhani nataka kufa leo. "Unakikumbuka kilima?" Mno! Ndilo tatizo.

Nikinyamaza, Jumamosi atasimama mbele ya watu wanne waliomwona akishushwa, aseme amethibitishwa. Kwa picha yangu! Nitakuwa nimemdanganya mara mbili, safari hii kwa rangi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Sikwenda darasani. Nilimpigia simu, akaja kabla ya saa tatu, ananing'iniza tai mbili, nimchagulie ya Jumamosi. Nikamwambia keti. Nikapiga moyo konde, nikaanzia kwenye kioo, kwenye sikio, kwenye kadi. Sikupumzika mpaka nilipofika kwa mkubwa wa idara na yale maneno mawili.

Kwanza alicheka. Alidhani namtania. Kisha hakucheka.

"Namba zangu?" akauliza.

"Zilikuwa sahihi. Zote."

"Zote?"

"Zote, bwana."

Alikaa na zile tai magotini. Akasema, "Lakini upepo nilikuwa nao, Rula. Upepo ulikuwapo." Nikamwambia labda ulikuwa wa kilima kingine, alipanda vingi. Akatikisa kichwa. Hakuwa anakataa, alikuwa anahesabu.

Halafu akasema kwa sauti ndogo sana: "Pole kwa mtoto. Kweli, pole." Akasimama. "Ya mtoto ningekusamehe siku ile ile. Ungekuja stoo ukaniambia, ningefunga mlango na wewe ndani, tungelia, basi. Ila uliniacha nijione mjinga. Umekunywa chai na mjinga wako kila Jumanne."

Akaondoka. Tai zimebaki kitini.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni na trei. Sijui amesimama hapo tangu lini.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi yote binti aligonganisha vyombo jikoni. Vyombo ndivyo vilivyosema. Saa sita akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo mimi si kifungua mimba."

Nikamwambia ni wa pili.

"Maisha yangu yote, Baba! Kila harusi, kila msiba – kifungua mimba, tangulia. Kifungua mimba, beba hiki. Nimebeba vya mtu mwingine!" Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia, akalia begani mwangu. Kisha akaomba nimwonyeshe sikio lilikuwa la upande gani. La kulia. Akaligusa la kwake. Akataka kujua kama mama yake alilia. Nikasema alilia akiwa anafua, ili maji yawe na sababu.

Aliinuka akasema dawa za saa sita zimepita dakika ishirini. Yuko sawa, nadhani. Mimi niko mwepesi mpaka naogopa.

Miguu hajapiga simu.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari amekataa nitoke. Binti kaenda peke yake ukumbini, karudi na habari.

Wale wanne walikuja. Miguu naye alikuja, hana tai. Alisimama mbele ya picha yangu mpaka mwalimu alipoanza kufunga madirisha. Wenzake wakamwambia haya, hotuba. Akasema hana hotuba, ana namba tu. Akawatajia namba za ile tambarare, moja baada ya nyingine, kutoka kichwani, kama alivyonitajia mimi miaka ile. Zote. Alipofika mahali pale peupe akasema, "Hapa ni tambarare," akaendelea.

Nimemwomba binti anirudie sehemu hiyo mara tatu.

Jumapili, 16 Machi

Naandikia garini, herufi zitacheza.

Alikuja saa moja asubuhi amevaa viatu vya porini. Hakunisalimu. Alimwambia binti, "Mwanangu, gari lina mafuta?" Binti akauliza twende wapi. "Kwenye kilima cha baba yako. Niliambiwa nimekosea pale. Nataka nikakanyage."

Binti akataja daktari, moyo, jua, barabara mbovu. Nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu. Binti akanitazama, akatazama mguu wangu mmoja wenye kiatu, akasema sisi wazee wawili tutamuua yeye kabla yetu. Kisha akafungasha maji na dawa.

Tumekaa njiani saa tatu nzima. Miguu kakaa mbele, mahali pangu. Mara moja tu kanisemesha, bila kugeuka: "Alikuwa na jina?" Nikasema hapana. Akasema, "Mlikosea." Nikasema ndiyo. Baadaye akamwelekeza binti: kushoto, kushoto tena, fuata nyaya. Hana ramani. Hajafika huku miaka hamsini!

Tumesimama. Ni pana, ni bapa kama meza, majani mafupi mpaka macho yanapochoka. Hakuna kitu kabisa. Nilifikiri nitaona aibu. Ni pazuri. Pana nafasi ya kutosha.

Miguu kashuka, kaanza kutembea. Fimbo anaitumia mara moja kwa hatua tatu. Binti alitaka kumfuata, nikamzuia. Anapungua. Sasa ni kama kidole. Amesimama. Nadhani ni penyewe, yeye hatakosea.

Amegeuka. Anapunga fimbo juu. Ananiita au ananifukuza, kwa umbali huu siwezi kujua, na binti anasema nibaki, Baba, tafadhali, ni mbali. Nimefungua mlango. Mguu mmoja uko chini. Udongo ni mwekundu, ule ule niliouchora. Daftari nalifunga, nakwenda.